Mkasi wa Sindano na Sumaku ya Spika

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, hatua kumi kutoka kisimani, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo jambo lisilofika sikioni kwangu halijatokea. Ncha hii hukaa Upara, kinyozi asiye na unywele hata wa dawa. Ncha ile hukaa Sindano, fundi cherehani. Miaka sita hawasalimiani, nami katikati yao kama ukuta. Chanzo ni mkasi. Mkasi mzito wa chuma, Sindano aliourithi kwa baba yake, ulitoweka siku Upara alipoingia kuazima uzi, basi mwizi akawa Upara. Sasa nikunong'oneze, usimwambie mtu: mkasi niliuchukua mimi. Ndoo yangu ya plastiki ilikuwa inaelea tu, haitaki kuzama, nikaufunga ukingoni uwe uzito. Fundo likafunguka, mkasi ukazama.

Asubuhi ile Upara aliinama kisimani kunawa uso, funguo za duka zikamtoka mfukoni, chubwi. Fundi redio, tunayemwita Spika, akaja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, nzito kama tofali, kaifunga kamba.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema.

— Mwanangu, nikamwambia, maji yakimwagika hayazoleki. Mwache anunue kufuli jipya.

— Hayajamwagika, bibi. Yamo kisimani.

Nikawajazia vikombe, labda wangesahau. Ubishi ukaanza. Spika alieleza kwamba sumaku huvuta chuma, basi. Upara akasema hata damu ina chuma, ndiyo maana mtu akipenda huvutwa bila kujijua. Sindano akaiambia kahawa yake kwamba kuna watu damu yao imezidi chuma, vyuma vya wenzao huwafuata vyenyewe.

— Mla kuku wa mwenzie, akamalizia, miguu humwelekea.

Nikaisogeza miguu yangu chini ya benchi.

Spika hakutaka kushindwa. Sumaku hii ikigusa chini kabisa, akasema, itavuta baiskeli za watu wa upande wa pili wa dunia.

— Basi usiiteremshe, nikadakia. Watatushtaki.

Akaiteremsha. Kwanza ikaja na kifuniko cha sufuria. Kisha misumari na kijiko. Mara ya tatu funguo zikapanda zimeng'ang'ania, Upara akarukaruka kama mtoto. Nikasema Mungu mkubwa, imetosha, kahawa inapoa.

— Mara moja tu, bibi, Spika akasema. Nimenogewa.

Ukaja mkasi. Kutu tupu, lakini herufi mbili za jina la baba yake Sindano zilisomeka kwenye mpini. Sindano aliushika kwa mikono miwili, akaupapasa. Kisha akanipita mimi, akaenda kukaa ncha ya Upara.

— Miaka sita, akasema.

— Na siku mbili.

— Miaka yote hiyo nanyolewa na mke wangu.

— Nimeona. Kila ukipita moyo ulikuwa unaniuma.

Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia mapajani. Upara akafungua duka, akamkalisha Sindano kwenye kiti cha mlangoni, mashine ikaanza kuunguruma. Ubishi ukarudi: mkasi ulifikaje kisimani? Sindano alisema jini. Upara akasema paka, paka wa fundi huiga kazi ya fundi. Spika akaapa kwamba dunia yenyewe ni sumaku, na mkasi ulijikokota usiku kucha kuifuata.

Mke wa mpangaji mpya, aliyehamia juzi, alikuwa amesimama na ndoo yake akisikiliza. Akatutazama mmoja mmoja.

— Samahanini, mimi mgeni, akasema. Nyote mmesema, mbona huyu bibi hajasema lake?

Mashine ikazimwa. Upara, Sindano na Spika wakageuka wote watatu kunitazama. Nikainamisha birika nimimine, lisitoe hata tone.