Jeenbay Sooronkulov na Kengele Zilizovishwa Kofia

Ndugu, wakwe na majirani mliofika tangu asubuhi katika uwanja wangu, maneno haya nimeyaandika mimi Sairakan, dada mkubwa wa marehemu, kwa elimu yangu ya darasa la nne, na anayewasomea ni Nurgazy, mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye nimemwapisha asiruke mstari hata mmoja, kwa hiyo atakayechomwa na neno anikasirikie mimi, yeye mwacheni.

Marehemu Jeenbay Sooronkulov alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, hapa hapa Ak-Terek, mkoa wa Naryn, akiwa kitinda mimba wa mchungaji Sooronkul na mkewe Batma, alizaliwa mdogo kama kiatu na mwenye kelele kupita kimo chake, na mkunga alimwambia mama kwamba huyu ataishi ili awasumbue.

Aliingia shule ya kijiji mwaka 1965 akamaliza darasa la nane mwaka 1973, baada ya kufukuzwa mara mbili kwa ubishi na kurudishwa mara mbili kwa siagi ya mama, kisha akajifunza udereva mjini Naryn, akatumikia jeshi kuanzia 1976 hadi 1978, na mwaka 1979 akaanza kuendesha gari la maziwa la kiwanda cha wilaya, kazi aliyoifanya mpaka kiwanda kilipokufa mwaka 1994.

Alimwoa Burulcha tarehe 12 Septemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, Nurgazy huyu anayesoma, Aizirek, na Tynchtyk aliyeko Korea ambaye ndege haikumwahisha, na sitasema ndoa yao ilikuwa ya asali, ilikuwa ya watu wawili wabishi waliozoeana, na hiyo ndiyo hudumu.

Mwaka 2006 alikwenda Moscow kama nusu ya wanaume wa kijiji hiki, akapakua matunda kwenye ghala moja nje ya mji, akilala chumba cha juu na wenzake wa kwetu, na mwezi Februari 2013 moto ukaanza chini wakiwa wamelala, kidude kilichokuwa darini kikapiga kelele, wakatoka wote peku kwenye theluji, wote, sikilizeni vizuri, hakubaki hata mmoja ndani.

Aliporudi mwaka uliofuata mlijazana kwake mkitarajia simu na peremende, naye akafungua begi akatoa visahani vyeupe vya plastiki, kengele za moshi, zile zinazoitana zenyewe bila waya, moja ikinusa moshi zote zinapiga kelele, mkacheka mpaka mkamwaga chai. Alizifunga kwake, akazifunga kwangu, akazifunga kwenu wengi bila kuombwa, akitoboa katikati ya dari na si pembeni ambako moshi huchelewa kufika, moja juu ya kitanda, nyingine ukumbini nje ya mlango wa jiko, jikoni kwenyewe hakuweka kwa kuwa alijua mnavyopika. Kila mwezi alipita akibonyeza kitufe kwa mpini wa ufagio kuhakikisha zinaitana, akipangusa vumbi kwa brashi kavu, vuli kondoo wakishuka kutoka malisho ya juu alibadilisha betri, na mwaka jana zilipotimiza miaka kumi aling'oa zote akafunga mpya, kwa sababu alisema vitu hivi huzeeka pua, haviamki tena hata ukiwasha moto chini yake.

Sasa nifike Ijumaa. Sote tunajua kwamba siku hiyo tunachemsha mafuta na kukaanga maandazi ili harufu iwafikie wafu wetu, nami nimefanya hivyo miaka yote kwa ajili ya baba na mama na sitaacha. Lakini ninyi mnachemsha mafuta mpaka nyumba haionekani, kengele ikilia mnaona imewatukana wazee waliotangulia, na mzee Kalmurat, ambaye namwona pale mbele amejitandaza, alimwambia marehemu mbele ya watu, "Hicho kidude chako kinafukuza wazee wetu mlangoni." Jeenbay akamjibu, "Mzee, waliivumilia sauti yako miaka themanini, hii hata hawataigeuzia kichwa." Watu wakacheka, Kalmurat akanuna, na wanawake wakapata dawa yao, kofia ya plastiki ya kuogea, ambayo kila Ijumaa mtu alipanda kiti akaivisha kengele ya ukumbini, na Jumamosi akaivua, akikumbuka. Marehemu aliwaomba, akawagombeza, akazificha hizo kofia, mkanunua nyingine. Aliwaambia kama shida ni moshi, chungu kitolewe nje, uwanjani, mkamwambia kuna baridi.

Ijumaa tarehe 10 Januari 2025 marehemu alikuwa na mafua makali, amelala chumba cha nyuma, zulia zito limetundikwa mlangoni kuzuia baridi, na Burulcha na jamaa zake walikuwa wakikaanga kwa ajili ya mama yetu Batma. Kengele ya ukumbini ilikuwa na kofia. Walipomaliza walitoka wote kugawa maandazi kwa majirani kama ilivyo desturi, wakaacha sufuria ya mafuta juu ya jiko la makaa, wakaingia nyumba ya kwanza wakapewa chai, wakaingia ya pili wakapewa chai. Mafuta yakashika moto. Ile ya ukumbini ilikuwa imezibwa pua haikunusa kitu, na kwa kuwa haikunusa haikuiita ya chumbani, na ya chumbani, nyuma ya zulia, ilikuja kulia yenyewe moshi ulipokwisha kumfikia aliyelala chini yake. Wifi yangu Burulcha amelia vya kutosha, simwongezei, lakini simwondoi pia, maana kiti alipanda mwingine na yeye ndiye aliyekishika.

Alitolewa na jirani yetu Emil, akapelekwa hospitali ya Naryn, akafariki Jumanne tarehe 14 Januari asubuhi kwa moshi uliounguza mapafu, akiwa na miaka sitini na sita.

Leo alfajiri niliingia jikoni kwangu, ambako mnaandaa maandazi ya kumkaangia yeye, nikatazama dari la ukumbi, nikakuta kengele aliyoifunga kwa mikono yake imevishwa kofia. Nikamuuliza mke wa Kalmurat kulikoni, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, inapiga kelele, na tunampikia marehemu."

Nimeivua. Sufuria nimeitoa mwenyewe nikaiweka uwanjani, kwenye theluji, mafuta yatachemkia hapo leo na kila Ijumaa, na mwenye kuona baridi avae koti au abaki kwake, kwa sababu harufu inapanda tu hata ikianzia nje, wafu wetu hawaishi darini kwangu. Na kabla ya arobaini nitapita nyumba kwa nyumba na ufagio, nitabonyeza kila kitufe alichokifunga, nikikuta kofia nitamvisha mwenye nyumba.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, nawashukuru wazima moto waliosukuma gari lao kwenye barafu mpaka likafika, namshukuru Emil aliyeungua mikono, nawashukuru madereva wa zamani wa gari la maziwa waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, na majirani nawashukuru kwa kuja, ya kufikiria fikirini mkirudi nyumbani.

Imamu atawauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nanyi mtajibu kwamba alikuwa mtu mwema, na itakuwa kweli, ila mngemwambia akiwa hai, na mngemsikiliza.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Sisi huku tusiachwe tupumzike.