Programu Isiyo na Risiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wetu wa manispaa, Pantaleo, uliyetuweka juani tangu asubuhi ili tupate muda wa kukuheshimu. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Candida. Ndugu wafanyabiashara wa Kariakoo, hasa mliowaachia shemeji zenu maduka na sasa hamtulii kwenye viti. Wageni waalikwa, na wageni mlioalikwa na harufu ya pilau: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, namaste.

Mimi ndiye Mzee Kitwana, mwenye nyumba hii na fremu hii ya duka tunayoifungua leo, Mungu na Mkurugenzi wakipenda. Shule nilikaa miaka mitatu, ikanitosha. Lakini toka Magomeni mpaka Jangwani, nani hajui kuwa mkokoteni unaovaa gurudumu la gari lolote, liwe la Datsun, liwe la Land Rover, niliubuni mimi? Kwa hiyo mjukuu wangu Anifa na mwenzake Manan waliponieleza kazi yao, nilielewa kabla hawajamaliza. Wao wanasema nilielewa mwezi uliofuata. Vijana wana haraka.

Kazi yenyewe ni hii. Tangu biashara iwe huria, kompyuta za mtumba zimejaa hapa kama viatu. Kuna za Dubai, kuna za Japani zenye vibonye vya Kijapani, na kuna ile ya Devendra wa vitenge vya jumla, ambayo fundi akitaka kuigusa huanza na shikamoo. Kila moja na mfumo wake, haisikilizani na mwenzake. Vijana hawa wametunga programu moja ya kuhesabu mali ya stoo, na inakubali kwenye zote. Wameitunga kwa zana na vipande ambavyo mafundi wa nchi za mbali wameviweka kwenye intaneti, anayetaka achukue bure.

Bure! Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Kariakoo, kitu cha bure nakijua: kimeibwa. Nikaipiga kufuli fremu waliyokuwa wakifanyia kazi.

"Anifa, risiti iko wapi?"

"Babu, haina risiti."

"Mwenye mali ni nani?"

"Wako wengi, babu. Wengine hata wenyewe hawajuani."

"Basi hilo ni genge!"

Nikamwita Mama Candida aje na mgambo. Manan akamsomea masharti ya hao mafundi kwa Kiswahili: chukua, rekebisha, gawa; majina ya waliokutangulia usiyafute, na ulichoongeza wewe usikifiche. Mama Candida akanigeukia: "Mzee, wezi hawa wana adabu kuliko wapangaji wako." Kufuli nikaitoa, kwa hiari yangu.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa maendeleo. Ofisini kwako nimefika, nikaiona programu mliyoagiza ng'ambo. Inataka kompyuta ya aina moja tu, na kompyuta hiyo imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua. Sijapata kuona maua yanatunzwa vile. Huo ndio uongozi!

Na jana ukanitumia ujumbe, kwa upole kabisa. Kibali cha fremu kitatoka leo, ilimradi programu ifungwe fundi mwingine asiichungulie, ipewe jina la ofisi yako, na asiipate mtu bila idhini yako. La sivyo, vijana watafute kazi nyingine. Anifa alilia. Manan akasema, "Babu, tulichopewa wazi tutakifungaje?" Nikawaambia nyamazeni, Kitwana yupo.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, ulipochelewa nilishukuru sana, tukapata muda wa kugawa. Ndugu wageni, hebu inueni sahani zenu. Mmeona bahasha? Ndani mna sidii. Programu yote imo, na maandishi yake ya ndani yote, kila fundi aone utumbo wake. Devendra kachukua tatu. Wageni wetu wa Mtwara wameshapanda basi na za kwao. Ya kwako, Mheshimiwa, nimeiandika jina lako kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zikizidi, chukua tu, ni zawadi.

Sasa je, kimebaki cha kufunga? Kimebaki kibali. Kalamu hii hapa, mpiga picha yule pale, na watu wote hawa wanakutazama. Jamani, mpigieni makofi Mkurugenzi wetu, anakuja kusaini!

Asanteni kwa kunisikiliza. Hakuna aliyewahi kunikatiza nikiongea, na leo asianze mtu.