Kikombe Alichokigeuza Bibi Philomène

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023, kijiko kiligonga kikombe cha bati chumbani kwa Bibi, na mjukuu wake Delphine, anayewasomea historia hii kwa niaba ya familia, alikurupuka na mtoto begani akidhani Bibi anataka maji, kumbe anaitwa kwa mara ya mwisho. Ndugu waombolezaji, sauti ikitetemeka mtavumilia.

Marehemu Philomène Ketlo alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika kambi ya kutegea wanyama ya baba yake Isidore, kaskazini mwa Ziwa Tsalo, na kitovu chake kilipokatika, mama yake Agathe alikitia kwenye kimfuko cha ngozi, akakitundika kwenye msonobari mlimani, kama tulivyotundikiwa sisi sote, ili mtoto akienda mbali awe na pa kurudi, na msonobari wenyewe uko wapi, hilo huambiwa mtu mmoja tu wa kizazi kinachofuata.

Septemba 1948 lori la serikali lilimchukua, hakuna aliyewauliza wazazi, likampeleka shule ya bweni ya wamisionari, ambako alifundishwa kusoma, kufua na kunyamaza, na alipotoka Juni 1956 lugha ya mama yake ilikuwa imembakia nusu, ila njia ya mlimani aliikumbuka yote.

Kuanzia mwaka 1957 hadi 1974 alifanya kazi katika kiwanda cha kusindika samaki huko pwani, mjini Prince Rupert, akasifika kwa kisu na zaidi kwa mdomo, maana msimamizi alipowanyima mabuti alimwambia mbele ya watu, "Bwana mkubwa, njoo usimame wewe kwenye barafu hii, mimi nikakalie kiti chako, tuone nani ataanza kulia," wanawake wakacheka hadi visu vikawadondoka, na mabuti yakaja.

Tarehe 6 Julai 1963 alifunga ndoa na marehemu Gaspard Ketlo, dereva wa trekta la magogo, wakajaliwa watoto watatu, Ambrose, Yvette na Clement, na Clement alizama tarehe 3 Oktoba 1989, ziwa halijamrudisha mpaka leo, kwa hiyo kile kimfuko chake mlimani ndicho kilichokuwa kaburi lake, na Bibi alikuwa akipanda huko kila vuli na mkate wa kukaanga, anakaa, anakula nusu, nusu anamwachia mwanawe.

Sasa tunafika pale ambapo Bibi mwenyewe alisema pasirukwe. Tarehe 19 Mei 2009 maafisa wa serikali walikuja ukumbini kwetu kuhusu barabara ya magogo, kwa sababu mahakama ilikuwa imeshaamua kwamba serikali haina ruhusa ya kugusa ardhi yetu kabla ya kutuuliza, na kweli wakatuuliza, wakatandaza ramani, wakasema mwenye pingamizi aonyeshe, na Bibi, aliyejua barabara inapita kwenye misonobari ya vitovu vyetu, alikunywa chai yake akaimaliza, akakigeuza kikombe kifudifudi mezani, akanyamaza, na wazee wote wakageuza vyao. Kwetu hapo maneno yamekwisha, mgeni humwaibishi mbele ya wenzake, unageuza kikombe naye anaelewa kwamba amekataliwa, anaaga. Afisa akasema, "Basi, kama hakuna pingamizi, tunashukuru sana," akapiga makofi peke yake, na mjomba Ambrose akamnong'oneza Yvette, "Huyu anadhani tumeshiba chai," wakacheka, sote tulicheka, na majira ya baridi yaliyofuata matrekta yakapanda mlima, ikatangazwa redioni kwamba wenyeji walishirikishwa na hawakupinga, na msonobari wa Clement ukaondoka na magogo mengine.

Tangu hapo Bibi hakugeuza kikombe tena. Alikuwa akisema, "Mdomo ninao, ulileta mabuti Prince Rupert, kwa nini siku ile nilikiachia kikombe kinisemee?" na hata walipokuja wakubwa mwaka 2017, na blanketi na keki iliyoandikwa Maridhiano, alikula kipande chake akamwambia waziri, "Keki ni tamu, mwanangu, lakini wewe kula polepole, nami nikusimulie mlichokata," na waziri aliangalia saa.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2021, akawa anasafishwa damu hospitalini mjini Prince George, hadi alipoomba arudishwe nyumbani, na usiku ule wa kijiko alimshika Delphine mkono akasema, "We mtoto, Alhamisi ya wiki ijayo wanarudi na kipande cha pili cha barabara. Uko msonobari mmoja wa vitovu uliobaki, nisikilize vizuri," akamtajia ulipo, kisha akasema, "Waambie hapana, kwa mdomo, kwa sauti, hata ukitetemeka. Wakikuuliza ni mti upi, hapo ndipo unyamaze." Alifariki alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani walioleta kuni na samaki wa kukausha, wenzake wa kiwandani waliosafiri kutoka pwani, na ninyi nyote.

Bibi, mjukuu wako anaogopa, hajawahi kusimama mbele ya maafisa, na kitovu cha mtoto wake Marie-Ange, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba mwaka huu, bado kiko kwenye kimfuko shingoni mwa mama yake kinangoja kutundikwa, lakini Alhamisi atasimama, atasema hapana mpaka wachoke kuisikia, na kikombe chake kitabaki wima. Lala sasa, pumzika, mlima tutaubeba sisi. Na ule msonobari ulipo, mpaka Marie-Ange awe mkubwa wa kuambiwa, hatamwambia mtu mwingine yeyote.