Ng'ombe Watatu wa Baba Yenu

Sogeeni wanangu mnisikilize, na wewe Orazbek acha kujibanza nyuma ya samovari, birika letu kubwa la chai, mtu mzima wa miaka sitini na masharubu yako. Miaka themanini si haba, nimeila nikashiba, kwa hiyo asinililie mtu kabla sijamaliza kusema.

Nyumba ni ya Dauren, kitindamimba, kama ilivyo desturi yetu. Kondoo gawaneni, na Janil achukue mazulia yangu yote, hata lile alilolimwagia chai akamsingizia paka. Wifi yangu niliyemnunia miaka thelathini mwambieni nimemsamehe, ila kosa lilikuwa lake.

Sasa neno lenyewe. Mnamkumbuka yule binti daktari aliyekuja na makaratasi kutuuliza tuliishije miaka ile ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, watoto wakinywa maziwa gani, vikombe vingapi kwa siku? Alikuwa mgeni, ameketi mahali pa heshima, na kabla sijafungua kinywa baba yenu akamjibu, "Tulikuwa na ng'ombe watatu." Mimi nikamimina chai nikanyamaza, maana mke hamkatizi mumewe mbele ya mgeni. Wanangu, hatukuwa hata na mkia wa ng'ombe. Tulikuwa na mbuzi wawili, mmoja mwizi, nanyi mlikunywa maziwa yao asubuhi na jioni, majira yale yale vumbi la wingu lilipokuwa likiangukia majani waliyokula. Juzi daktari aliyekuja kutupima kaniambia kwamba maziwa ya mbuzi hubeba sumu ile zaidi kuliko ya ng'ombe, nayo hukimbilia tezi ya shingoni, hasa ya mtoto.

Na kila Orazbek anapoitwa kupimwa, hujibu kwamba karatasi yenye majibu ya baba yake inasema yeye alipata sumu kidogo tu. Lakini skafu haimtoki shingoni hata Julai. Mimi ni mzee, si kipofu.

Jana nilipomrekebishia daktari yale majibu, Orazbek alinijia juu: "Mama, unamfanya marehemu baba mwongo." Mwanangu, baba yako alikuwa maskini mwenye haya, nami nilimpenda hivyo hivyo na ng'ombe wake wa hewani, na nikimkuta huko nitamcheka mpaka anune. Ila haya zake zisikuchimbie wewe kaburi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Daktari yuko shuleni na mashine yake hadi kesho. Haikati wala haichomi, unapakwa kitu cha baridi shingoni, basi. Janil na Dauren wameshapimwa, bado wewe, shujaa wetu.

Nipe maji, Janil. Kidogo tu.

Nizikeni kando ya baba yenu. Haya, inueni viganja niwabariki. Orazbek, njoo wewe kwanza, fungua hiyo skafu. Unanikatalia, leo? Lete shingo. Ndiyo hii nundu. Ni ndogo, kama punje ya njegere, nami nilikuwa nimeogopa sana, mwanangu. Wengi wenye hii hupona, kasema daktari. Sema utakwenda. Kwa sauti, ndugu zako wasikie.

Eh. Tumesikia sote.

Mungu awape wajukuu wakorofi, mifugo ya kweli... na ndimi zisizoogopa wageni. Amin. Panguseni nyuso kwa viganja hivyo, dua imekwisha. Dauren, washa gari, mpeleke sasa hivi... msingoje kesho. Nendeni. Mimi nitawasubiri mrudi.