Sori ya Fundi

Kwenye gari la Kikatiti, fundi mmoja kijana alimweleza mama aliyeketi naye jinsi bosi wake Mchina alivyojiangushia tofali mguuni jana. "Nikamwambia sori, bosi. Kumbe kitabu chake cha Kiingereza kinasema anayesema sori ndiye mkosaji! Nikirudia tena, kazi sina."

"Basi leo nyamaza, mwanangu."

"Mtu anaumia nimkodolee macho tu, mama?"

Mama alifikiri sana, maana huku kwetu hata kuku akijikwaa tunampa pole. "Usimtazame mguu," akasema.

Gari likasimama. Bosi alikuwa kwenye geti la kazini, anachechemea, kidole kimevimba kwenye kandambili. Fundi akashuka akiwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.