Bi Mwajabu na Watoto wa Erasmus

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Bi Mwajabu Mfaume wa Temeke, mkodishaji wa maturubai na viti, aliyefariki Jumanne iliyopita. Wengi mmekalia viti vyake, harusini na misibani. Wachache mnajua kwamba mama huyu alisomesha watoto ambao baba yao alikatiwa riziki kwa kusema ukweli.

Baba huyo ni Erasmus, aliyekuwa karani wa kiwanda kimoja. Maji machafu ya kiwanda yalikuwa yakiingia kwenye visima vya watu. Erasmus akasimama kwenye mkutano wa mtaa, akalisema jambo hilo. Wiki ile ile akafukuzwa kazi. Halafu akafunguliwa kesi ya uchochezi, akawekwa mahabusu. Nyumbani alimwacha mkewe, Tupokigwe, na watoto wawili. Majirani waliompigia makofi mkutanoni wakaanza kupita njia nyingine.

Binti yake mkubwa, Vaileth, akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Bi Mwajabu alimwona amekaa barazani na sare zake, wenzake wako darasani. Jioni akavaa baibui, akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, Bi Mwajabu," alisema Tupokigwe. Mlango aliufungua nusu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja habari ya shule. Ada nitalipa mie."

"Nashukuru, mama. Lakini sie si ombaomba."

"Nani kakwambia naleta sadaka? Mumeo kakisemea kisima changu. Maji yale mie nayanywa."

Tupokigwe akafungua mlango wote.

Sasa sikilizeni. Kiwanda hicho hicho ndicho kilikuwa mteja mkubwa wa Bi Mwajabu. Sherehe zote za wafanyakazi, maturubai yalikuwa yake. Haukupita muda, ofisa mmoja akampigia simu. Akamtaka achague: kazi ya kiwanda, au watoto wa Erasmus.

Bi Mwajabu akamjibu, "Baba, hao watoto hawajasema kitu. Wanasoma tu."

Kazi ikakatika. Akauza turubai lake kubwa la harusi, na watoto wakabaki shuleni.

Msidhani hakuogopa. Bintiye, Munira, ametusimulia: "Mama alikuwa mwoga, watu hawajui tu. Gari likisimama nje, anachungulia dirishani. Nikamwambia, mama, achana na haya mambo. Akasema, 'Nikiacha, yule mtoto nitamtazama vipi?'"

Taratibu wengine wakajitokeza. Fransis, fundi cherehani, akawa anashona sare. Kina mama wa mtaa wakaanza kuchangishana kila mwezi. Miaka ikapita, habari zikafika hadi Kimbiji, kwa mama mmoja ambaye mumewe alifungwa kwa kutetea mashamba ya wenzake. Watoto wake nao wakapokelewa.

Vaileth, ambaye leo ni mwalimu, anakumbuka siku za wazazi shuleni. "Bi Mwajabu alikuwa anakuja, anakaa mbele. Walimu wakimuuliza yeye ni nani wangu, anajibu, 'Jirani.' Basi, hana la ziada."

Erasmus aliachiwa, kesi ikafutwa. Kazini hakurudishwa. Sasa anafuga kuku Kipawa. Na maji yale, wasikilizaji wapendwa, mpaka leo yanatiririka.

Bi Mwajabu aliugua mapafu, akadhoofika haraka. Asubuhi ya siku yake ya mwisho, shule zilikuwa zinafunguliwa. Akamuuliza Munira, "Wale wa Kimbiji wameenda shule? Ada zao je?"

"Wameenda, mama. Nimelipa mie."

Akamshika mkono bintiye, hakuuliza tena.

Munira, nawe Tupokigwe, na wote mliompenda Bi Mwajabu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nanyi mnaotusikiliza, pengine mtaani kwenu yupo mtu aliyewasemea, akaumizwa. Mnaijua nyumba yake. Kesho msipite njia nyingine. Bisheni hodi, muulize kama watoto wamekwenda shule.