Chumba cha Krstinja, Kesi ya Pili

Kijiwe chetu cha Podgaj ni benchi moja mbele ya kinyozi Vule, na kahawa anaichemsha Vule mwenyewe, nzito hadi kijiko kinasita. Asubuhi ile hatukugusa habari za mpira. Jirani yetu Krstinja alikuwa mahakamani. Mumewe, Savo, alipigwa kiharusi na hapandi tena ngazi, ndipo Krstinja akamjengea chumba cha chini ubavuni mwa nyumba, bila kibali. Manispaa ikampeleka kwa hakimu, akapigwa faini, akalipa. Miezi minne baadaye mwendesha mashtaka akamfungulia kesi ya jinai. Chumba kilekile.

— Haiwezekani! Obrad alifoka. Tunamwita Hakimu, ingawa maisha yake yote aliendesha basi. — Kosa moja, adhabu moja. Imeisha hiyo.

— Inategemea, akasema Bati, fundi wa mapaa. — Chumba kina mlango na dirisha. Labda ile faini ilikuwa ya mlango.

— Bati, umeshaonja pombe ya rakija saa hizi?

— Kahawa tu, Hakimu.

— Basi Vule kakuwekea sumu.

Vule akatoa kichwa nje, wembe mkononi.

— Hamjui kitu nyie. Ya kwanza ni ya kujenga. Ya pili ni ya kutobomoa. Kila kukicha chumba kikiwa bado kimesimama, kosa jipya.

— Kwa hiyo hata sasa hivi kinatenda kosa?

— Tena mchana kweupe!

— Mimi ningekibomoa usiku, nikajenga kingine hapohapo, akasema Bati. — Wakija, nawaambia mshtakiwa wenu kafariki, huyu ni mdogo wake.

Tulikuwa bado tunacheka wakati Krstinja aliposhuka kwenye basi, amevaa koti lake la kanisani. Kicheko kikakatika. Akaketi, akachukua kikombe cha Obrad, akakimaliza.

— Enhe, dada? nikamuuliza.

— Hakimu wa mahakamani kasoma karatasi ya faini. Kairudia. Akamuuliza mwendesha mashtaka, “Hiki ni chumba kingine?” Akasema, “Hapana, mheshimiwa, ni kilekile.” “Alikijenga tena?” “Hapana.” “Sasa umeniletea nini?” Kesi kaifuta.

— Si niliwaambia! Obrad akaruka kama yeye ndiye aliyeandika hukumu.

— Nilishamfungia Savo nguo zake, akasema Krstinja taratibu. — Nikampa dada yangu, nikamwonyesha na dawa. Nilijua silali nyumbani leo.

Vule akamletea kahawa nyingine.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni, mtu wa mji wa jirani, akingoja zamu ya kunyolewa.

— Samahani, mama. Mzee ameshahamia humo?

— Atahamiaje? Walinisimamisha kuta zikiwa bado hazina paa. Analala jikoni.

— Sasa ukiezeka paa, hilo ni kosa lilelile ulilokwisha kuadhibiwa, au ni jipya?

Tukamgeukia Obrad. Obrad akachungulia kikombe kitupu. Vule akakumbuka ana mteja ndani, sabuni inamkaukia.

— Hata mimi nilimuuliza hakimu, akasema Krstinja. — Kasema hilo halikuletwa mbele yake.

Bati akawasha sigara, akaitazama milima. Mawingu yalikuwa yameshafunika kilele.

— Mabati unayo, dada?

— Ninayo.

— Kesho saa mbili asubuhi nakuja na ngazi.